Mawe ya Mipaka Mbinguni: Jinsi Darubini za Redio Zinavyochora Ramani ya Anga

Mpima ardhi anapotumwa kupima shamba, kazi yake ya kwanza si kunyoosha mnyororo wala kusimamisha chombo chake. Kwanza hulitafuta jiwe la mpaka, ambalo wengi huliita bikoni, lililokwisha kupimwa na kuandikwa katika kumbukumbu za serikali. Asipoliona, au akilikuta limeng'olewa na mafuriko, ataweza kupima urefu na upana wa shamba, lakini hataweza kuliweka shamba hilo mahali pake katika ramani ya nchi.

Shida hiyo huwakabili pia wanasayansi wanaoipima dunia nzima, ila kwao ni kubwa zaidi, kwa sababu duniani hakuna jiwe lisilosogea. Mabara yenyewe yamo safarini. Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki hupanuka kwa milimita chache kila mwaka, na Ulaya huachana na Marekani ya Kaskazini kwa kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili. Mhimili wa dunia nao huyumba kama pia iliyochezwa na mtoto, hata ncha zake huzungukazunguka juu ya ardhi katika eneo lenye upana wa mita kadhaa. Siku yenyewe haina urefu mmoja: mvuto wa mwezi, pepo kuu na mikondo ya bahari huirefusha au kuifupisha kwa sehemu za elfu za sekunde. Ikiwa kila kitu kinasogea, kipimo kitaanzia wapi?

Tangu zamani za kale jibu limekuwa ni kutazama juu.

NYOTA NAZO ZINASAFIRI

Wakulima walingoja kuonekana kwa Kilimia ili wajue kwamba majira ya kulima yamewadia, na manahodha wa majahazi walishika njia usiku kwa nyota walizozijua kwa majina. Kwa kazi hizo nyota zinatosha kabisa. Lakini hazitoshi kwa mtu anayetaka kupima milimita.

Mnamo mwaka 1718 Mwingereza Edmond Halley alilinganisha mahali pa nyota kadhaa na vipimo vya Wayunani wa kale, akaona kwamba Sirius, Arcturus na Aldebaran hazikuwa tena pale zilipoandikwa. Zilikuwa zimehama. Tangu hapo ilijulikana kwamba kila nyota inakwenda njia yake, na kwamba utulivu wake ni wa macho tu, kama jahazi lililo mbali baharini linavyoonekana limesimama.

Ili kufahamu ukubwa wa mwendo huo, yafaa msomaji azoee kipimo kimoja. Duara hugawanywa katika nyuzi 360, kila nyuzi katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Sekunde hii si ya saa. Ni sekunde ya pembe. Mwezi mpevu una upana wa karibu nusu nyuzi, yaani sekunde 1,800 hivi. Sekunde moja ya pembe ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.4 ikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 5. Nyota ya Barnard, ambayo mwendo wake ni wa haraka kuliko nyota zote zijulikanazo, husogea zaidi kidogo ya sekunde 10 kila mwaka. Kwa muda usiotimia miaka 180 hupita upana wote wa mwezi. Nyota nyingine husogea kwa uchache sana, lakini husogea.

Hata hivyo kwa muda mrefu hapakuwa na mawe mengine ya mipaka. Orodha ya nyota iliyoitwa FK5, iliyotolewa mwaka 1988, ilikuwa na nyota 1,535 zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa, pamoja na hesabu ya mwendo wa kila moja. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini kosa dogo katika kukadiria mwendo wa nyota huongezeka kila mwaka unaopita, na ramani ya namna hiyo huchakaa tangu siku inapochapwa.

KUGUNDULIWA KWA KWASA

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1962 wataalamu wa darubini ya redio ya Parkes, nchini Australia, Cyril Hazard akiwa miongoni mwao, walingoja mwezi upite mbele ya kitu kilichotoa mawimbi ya redio angani, nacho kiliitwa 3C 273. Kwa kuandika saa hasa ambayo mawimbi yalikatika na saa yaliporudi, na kwa kuwa mahali pa mwezi palijulikana vema, waliweza kusema kitu hicho kiko wapi. Pale palipotajwa palionekana kitu kama nyota ya kawaida. Mwaka uliofuata Maarten Schmidt, huko California, aliichambua nuru yake akagundua kwamba imevutwa na kurefushwa kwa karibu asilimia 16. Maana yake ilikuwa ya kushangaza: kitu hicho si nyota hata kidogo, bali kiko mbali kiasi cha miaka-nuru bilioni 2.4. Nuru inayokifikia chombo leo ilianza safari kabla ya mnyama yeyote kutokea duniani.

Vitu vya aina hiyo viliitwa kwasa. Leo inajulikana kwamba kila kwasa ni kitovu cha galaksi ya mbali, ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua humeza gesi inayolizunguka. Kabla haijamezwa, gesi hiyo hupata joto kali na kung'aa kuliko galaksi nzima.

Kwa mpimaji, sifa kubwa ya kwasa si mng'ao wake bali ni umbali wake. Hebu ichukuliwe kwamba 3C 273 inakwenda upande kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa mwaka mmoja itapita sehemu moja ya 300 ya mwaka-nuru. Ukigawanya kwa umbali wa bilioni 2.4, pembe inayopatikana ni kama sehemu tatu za milioni kumi za sekunde moja ya pembe. Mtu angehitaji kungoja karne nzima ili mwendo huo ufikie kiasi ambacho vyombo bora vya leo vinaweza kukitambua. Basi hili ndilo jiwe la mpaka: si kwamba halisogei, bali kusogea kwake hakuonekani.

KUSIKIA KWA MASIKIO MAWILI

Kilichobaki ni kupata chombo cha kupimia. Darubini ya redio ni sahani kubwa ya chuma inayokusanya mawimbi kama vile darubini ya kawaida inavyokusanya mwanga. Lakini mawimbi ya redio ni marefu, na kwa ajili hiyo sahani moja huona kwa ukungu. Sahani yenye upana wa mita 26, ikipokea mawimbi ya urefu wa sentimita 3.6, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko dakika 5 hivi za pembe. Jicho la mtu, bila chombo chochote, hufanya vizuri zaidi ya hapo.

Dawa yake ni kutumia sahani mbili au zaidi, zilizo mbali kabisa. Mtu anayesikia ngoma gizani hujua iko upande gani kwa sababu sauti huliwahi sikio moja kabla ya jingine, ingawa tofauti hiyo ni ndogo mno hata yeye mwenyewe haitambui. Darubini mbili zilizo katika nchi mbalimbali hufanya vivyo hivyo. Zote huelekezwa kwa kwasa ileile kwa wakati uleule, na kila moja huandika mawimbi inayoyapokea pamoja na saa kamili ya kupokelewa kwake. Kisha maandishi hayo hupelekwa mahali pamoja, na kompyuta huyatelezesha moja juu ya jingine mpaka yalingane. Kiasi yalichotelezeshwa ndicho kiasi cha kuchelewa.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme vituo viwili viko kilomita 3,000 mbali. Kwasa ikiwa imeelekeana na mstari unaoviunganisha kwa pembe mraba, mawimbi huvifikia vyote viwili wakati mmoja, na ucheleweshaji ni sifuri. Ikiwa kwasa iko sambamba na mstari huo, mawimbi hukifikia kituo cha kwanza, kisha huhitaji kusafiri kilomita 3,000 zaidi. Kwa kuwa kasi yake ni kilomita 300,000 kwa sekunde, ucheleweshaji ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa pembe yoyote iliyo katikati, ucheleweshaji huwa kati ya hizo mbili. Kwa hiyo anayejua ucheleweshaji anaijua pembe.

Sasa vyombo vya kisasa hupima ucheleweshaji kwa usahihi wa sehemu 30 hivi za trilioni moja ya sekunde. Katika muda huo mawimbi husafiri milimita 9 tu. Milimita 9 katika kilomita 3,000 ni pembe ya chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde ya pembe, tena kwa kipimo kimoja. Vipimo vikirudiwa mara maelfu, kwa vituo vingi na kwa miaka mingi, usahihi huongezeka sana.

Hesabu hii ina faida nyingine ambayo pengine msomaji ameshaiona. Ucheleweshaji hutegemea vitu viwili: mahali pa kwasa na mstari kati ya vituo. Kwasa zikijulikana, vipimo vilevile hueleza urefu wa mstari na namna ulivyogeuka pamoja na dunia. Ramani ya mbingu na ramani ya ardhi hupatikana katika hesabu moja, na ndivyo kuachana kwa Ulaya na Marekani kulivyopimwa waziwazi katika miaka ya 1980.

Majaribio ya kwanza ya njia hii yalifanyika mwaka 1967, huko Kanada na Marekani. Hayakuwezekana kabla ya hapo kwa sababu vituo visivyounganishwa kwa waya huhitaji saa zisizopishana. Saa za haidrojeni zinazotumiwa leo hazikosei sekunde moja katika makumi ya mamilioni ya miaka. Kwa miaka mingi maandishi yenyewe yaliwekwa kwenye kanda za sumaku zilizosafirishwa kwa ndege masanduku kwa masanduku. Siku hizi hutumwa kwa diski au hupitishwa katika nyaya za intaneti.

RAMANI ILIYOKUBALIWA

Mwaka 1997 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikata shauri kuziacha nyota na kushika kwasa. Tangu tarehe 1 Januari 1998 mahali pa kila kitu angani pamehesabiwa kutoka katika Mfumo wa Kimataifa wa Marejeo ya Anga, unaojulikana kwa herufi ICRF. Orodha ya kwanza ilikuwa na vitu 608, na kati ya hivyo 212 vilichaguliwa kuwa nguzo za mfumo wote. Ya pili ilianza kutumika mwaka 2010. Ya tatu ilipitishwa mjini Vienna mwaka 2018 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Ina vitu 4,536, na nguzo zake ni 303.

Usahihi wa zile zilizopimwa vizuri kabisa katika orodha hiyo ya tatu hufikia sehemu 30 za milioni moja za sekunde ya pembe. Kama kungekuwa na kiberiti cha kawaida juu ya uso wa mwezi, urefu wake, ukitazamwa kutoka duniani, ungekuwa pembe ya kiasi hicho.

Isidhaniwe kwamba kazi imekwisha. Hewa ya dunia huchelewesha mawimbi, na mvuke wa maji ndio msumbufu mkuu, hasa katika nchi za joto, kwa kuwa hubadilika saa hata saa. Tabaka la juu lenye chembe za umeme nalo huchelewesha, ila hilo lina dawa: huchelewesha mawimbi marefu kuliko mafupi, kwa hiyo vituo hupokea mawimbi ya aina mbili pamoja na kuiondoa tofauti kwa hesabu. Kisha Jua lenyewe, pamoja na sayari zake, huzunguka kitovu cha Njia Nyeupe, na mwendo huo hufanya kwasa zionekane zikijisogeza kuelekea kitovu hicho kwa karibu sehemu 6 za milioni moja za sekunde kila mwaka. Orodha ya tatu ndiyo ya kwanza kulihesabu jambo hilo.

Na kwasa zenyewe si vidoa vilivyotulia. Nyingi hurusha mikondo mirefu ya gesi, na mafundo yanayong'aa hutoka kitovuni na kwenda zake, hata kile kinachoonekana kuwa katikati ya mng'ao huhama kidogo. Ile 3C 273 iliyowafumbua macho wanasayansi mwaka 1963 imo katika kundi hilo. Ni angavu, ni maarufu, lakini mkondo wake ni mkubwa mno, kwa hiyo haikuwekwa miongoni mwa nguzo 303. Kwasa isiyo na sifa yoyote, iliyo hafifu na imetulia, ina thamani zaidi kwa kazi hii.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza upimaji wake mwezi Januari 2025, kimepima kwa nuru ya kawaida zaidi ya kwasa milioni moja na nusu. Hata hivyo hakikuzipa darubini za redio likizo. Ramani yake ya kwasa imelinganishwa na kuunganishwa na ICRF, na tena chombo kilicho angani hakiwezi kueleza dunia imegeuka kiasi gani chini yake. Kazi hiyo huhitaji chombo kilichoshikamana na ardhi.

FAIDA KWA MTU WA KAWAIDA

Dereva au mvuvi anayetumia simu kujua alipo hupokea habari kutoka setilaiti. Njia za setilaiti hizo hukokotolewa kama zinavyoonekana kutoka angani, na dunia inazunguka chini yake. Katika ikweta ardhi hupita kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya elfu ya sekunde katika kujua mzunguko wa dunia ni kosa la karibu nusu mita ardhini. Setilaiti haziwezi kusahihisha kosa hilo zenyewe kwa muda mrefu. Ni darubini za redio, zikitazama kwasa, ndizo zinazolisahihisha; kwa mfano, Wettzell huko Ujerumani na Kokee Park huko Hawaii hushirikiana kwa kipimo cha saa moja kwa ajili hiyo tu. Hata vyombo vinavyotumwa kwenye sayari ya Mirihi huongozwa kwa kulinganishwa na kwasa iliyo jirani nayo angani.

Kwa watu wa pwani kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 1993 setilaiti zimeonyesha kwamba bahari za dunia zinapanda, kwa wastani wa milimita 3 na zaidi kila mwaka. Mombasa na Unguja kuna vituo vinavyopima kujaa na kupwa kwa maji, lakini kila kituo hupima maji kikilinganisha na gati kilipofungwa. Gati likididimia, bahari itaonekana imepanda. Gati likiinuka, kupanda kwa bahari kutafichika. Kutenganisha mambo hayo mawili kunataka alama ambayo kosa lake halizidi sehemu ya milimita kwa mwaka, na alama hiyo mwisho wake iko katika kwasa. Kwa sababu kama hizo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 26 Februari 2015, liliyataka mataifa yote yashirikiane katika kutunza mfumo mmoja wa vipimo vya dunia.

UPANDE WA KUSINI

Hapa ndipo penye upungufu. Vituo vingi viko kaskazini ya ikweta. Marekani peke yake ina mtandao wa darubini 10, kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi, uliokamilika mwaka 1993 na kuchangia sehemu kubwa ya orodha ya tatu. Lakini mtandao huo hauwezi kuiona anga ya kusini kabisa, kwani iko chini ya upeo wake. Kwa sababu hiyo kwasa za kusini zilizopimwa ni chache zaidi, na vipimo vyake si vizuri kama vya kaskazini.

Katika bara la Afrika mzigo huu umebebwa hasa na kituo cha Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg. Sahani yake ya mita 26 ilijengwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini na kwenye sayari, na baada ya Wamarekani kuondoka ikageuzwa kuwa ya uchunguzi wa anga. Mwezi Oktoba 2008 beringi moja kubwa ya mhimili wake ilivunjika. Sahani ikasimama mpaka mwaka 2010, na kwa muda wote huo upimaji wa anga ya kusini ulipungukiwa na mshiriki wake mkubwa. Ni vigumu kupata mfano bora wa hatari ya kutegemea mashine moja kwa kazi ya bara zima.

Mpango wa mtandao wa Kiafrika wa darubini za redio ulibuniwa ili kuondoa upungufu huo, na njia yake ni ya kubana matumizi. Sahani kubwa za mawasiliano ya setilaiti, zilizoachwa bila kazi baada ya nyaya kutandazwa chini ya bahari, zinaweza kugeuzwa kuwa darubini. Ghana ilifanya hivyo kwa sahani yake ya mita 32 iliyoko Kuntunse, na darubini hiyo ilizinduliwa mwaka 2017. Nchi nyingine zilizotajwa katika mpango huo ni Botswana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia.

Kwa Kenya macho yameelekezwa Longonot, katika Bonde la Ufa, ambako kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa mwaka 1970. Mahali pale pako karibu kilomita 2,900 kutoka Hartebeesthoek, yaani karibu sawa na vituo vya mfano wetu wa hesabu, na mstari kati yao unaelekea kaskazini na kusini, mwelekeo ambao mitandao mingi inaupungukiwa. Tena pako nyuzi moja tu kusini ya ikweta. Kutoka hapo karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu katika muda wa siku moja, hata kituo kimoja kinaweza kuunganisha kwasa zinazopimwa Ulaya na zile zinazopimwa Afrika ya Kusini. Kinachohitajika ni mitambo ya kupokea mawimbi ya aina mbili, saa ya haidrojeni, mafundi wa kuitunza, na hewa isiyojaa makelele ya simu na redio.